Bakuli la Ng'ambo ya Barabara

Mimi ndiye mwanamke pekee anayepuliza filimbi ya mpira wa kikapu katika kaunti hizi tatu za kaskazini mwa Iowa, na tangu siku ya kwanza nimekuwa nikivalia jikoni. Shule zetu zina chumba cha waamuzi, lakini waamuzi ni wanaume. Basi mimi hupewa ufunguo wa jiko, navua sketi yangu kati ya masufuria na magunia ya viazi, na mlango nauzuia kwa ndoo. Mechi ikiisha narudi kulekule. Mwamuzi hatakiwi kuketi na watu wa mji anaochezesha, asije akaambiwa ana upande wake, kwa hiyo pai na kahawa yangu huletwa jikoni nami nakula nimesimama, nikiwasikia wenzangu wakicheka nyuma ya ukuta. Sisemi haya ili nihurumiwe, huruma sina pa kuiweka. Nasema ili mjue kwa nini bakuli lile lilikuwa na maana kwangu.

Ardys Hovland na mumewe wanakaa ng'ambo ya barabara. Mume wangu Selmer alipofariki, baada ya trekta kumpindukia shambani, Ardys aliingia kwangu bila kubisha hodi, akachukua bakuli langu la kuokea, akalirudisha jioni limejaa viazi na nyama ya nguruwe. Wiki iliyofuata nikampelekea lina pai ya tufaha. Tangu hapo bakuli halikutulia, leo kwake, kesho kwangu. Chini yake nilibandika kipande cha karatasi chenye jina langu, kama wanawake wote wa kanisa wanavyofanya ili vyombo visipotee kwenye chakula cha pamoja. Na huku kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata kama huna kitu utatia mayai mawili. Kila Jumapili nilikula mezani kwao. Ndiyo siku pekee nyumba yoyote niliyokuwamo ilikuwa na mtu mwingine anayetafuna.

Binti yao, Jolene, ni mlinzi, kama nilivyokuwa mimi enzi zangu. Katika mpira wa kikapu wa wasichana wetu, kila timu ina sita uwanjani: watatu wa kufunga tu, watatu wa kulinda tu, na mstari wa kati unawatenganisha. Mlinzi akinyang'anya mpira, anauleta mpaka mstarini na kuwarushia wenzake walio upande wa pili. Akiugusa mstari hata kwa ncha ya kiatu, mpira unakwenda kwa wapinzani. Mimi nililinda miaka yote ya shule, sikuwahi kurusha mpira kikapuni katika mechi hata mara moja, na gazeti halikuwahi kuniandika. Jolene nilimfundisha mwenyewe, ghalani kwangu, nimechora mstari kwa chaki.

"Mguu, Jolene! Mguu!"

"Nimeuona, Shangazi!"

"Umeuona baada ya kuukanyaga. Rudia!"

Februari hii theluji ilifunga barabara siku ya mechi ya kuamua nani aende Des Moines kwenye mashindano ya jimbo. Mji wetu haujawahi kwenda. Mmoja wa waamuzi wawili alikwama njiani, na makocha wote wawili wakakubaliana nichezeshe mimi, ingawa ni mji wangu. Ardys alinikuta mlangoni mwa ukumbi, uso umemwiva kwa baridi na furaha.

"Shoga, usituonee!"

"Nitaanza kukuonea wewe. Nenda ukakae, unaziba mlango."

Akacheka mpaka watu wakageuka. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokipata mimi.

Zilibaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja. Jolene akampokonya mpira msichana mrefu wa Hartsdal, wapinzani wetu, safi kabisa, nikafurahi moyoni kama mpumbavu. Akakimbia mpaka mstarini, akaruka, akatupa. Mwenzake akadaka, akafunga, ukumbi ukalipuka. Lakini kabla mpira haujamtoka mikononi, ncha ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa juu ya mstari. Mwamuzi mwenzangu, Delmar Roos, alikuwa chini ya kikapu. Mimi nilikuwa palepale. Na Jolene, wakati wenzake wote wanaangalia mpira hewani, alitazama mguu wake.

Nikapuliza. Kikapu kikafutwa. Tukashindwa.

"Kipofu we!" Huyo alikuwa mzee anayenunua mayai yangu kila Jumanne. Sauti nyingine ikapokea, "Rudi jikoni!" Nami nikarudi jikoni kweli, kwani nguo zangu zilikuwa huko. Usiku ule hakuna aliyeniletea pai. Delmar alichungulia akiwa na kofia mkononi.

"Ungeuachia mchezo uendelee tu, Orpha. Kidole kile!"

"Kidole kiko kwenye mguu, Delmar."

"Haya. Lakini wewe ndiye unayeishi nao."

Hilo nilikuwa nalijua bila kuelezwa na Delmar.

Siku mbili baadaye Ardys akaja. Safari hii alibisha hodi. Alisimama ndani ya mlango, koti hakulivua.

"Jolene anasema hakukanyaga."

Nilimwonyesha kiti, hakukaa.

"Hali chakula, halali usiku. Shuleni wanamwambia ametupotezea Des Moines. Orpha, sikiliza. Matokeo hayabadiliki, hilo najua. Wewe sema tu ulikosea. Jumapili, kwenye kahawa baada ya ibada, sema, 'Jamani, macho yangu yamezeeka.' Watu watacheka, yataisha. Halafu mnakuja kula kama kawaida, wewe na mdomo wako."

Mungu wangu, nilivyotamani! Maneno machache tu, na kiti changu kinabaki mahali pake. Macho yangu kweli yamezeeka kidogo. Lakini nimekula nimesimama jikoni miaka yote hii kwa ajili ya kitu kimoja, kwamba nikipuliza, nimeona. Nikilitoa hilo, nitakuwa nimesimama bure.

"Siwezi, Ardys."

"Huwezi au hutaki?"

"Nilikuwa palepale."

"Kwa hiyo mwanangu ni mwongo?"

Jibu nilikuwa nalo. Kwamba nilimwona akiutazama mguu wake, kwamba anajua. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini mtoto yule ana mama mmoja tu, na mama huyo alikuwa amesimama mbele yangu akimwamini.

"Sijasema hivyo," nikasema.

"Umesema." Akafunga mlango taratibu. Ningeshukuru kama angeubamiza.

Jumapili niliimba, nikasali, nikaondoka kabla ya kahawa. Nilijiambia sisubiri mtu, lakini viatu sikuvua. Adhuhuri mlango ukagongwa, nikaukimbilia. Alikuwa Jolene, bila kofia, amelishika bakuli langu kwa mikono miwili.

"Mama anasema asante."

Lilikuwa jepesi. Nilijua kabla sijatazama. Limeoshwa, limekaushwa, halina hata yai.

Jolene hakuondoka. Alikuwa akitazama viatu vyake, na midomo imemgeuka rangi kwa baridi.

"Nilikanyaga, Shangazi."

"Najua."

"Mama hajui."

"Najua hajui."

"Nilitaka kumwambia usiku uleule, halafu akaanza kunitetea mbele ya watu wote, nikashindwa." Machozi yakamtoka. "Utamwambia?"

Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Nilitaka vilevile kumwingiza ndani nimpashe maziwa. Sikufanya lolote, maana mama yake alikuwa dirishani akitutazama.

"Sitamwambia. Nenda, chakula kinapoa."

Alivuka barabara akikimbia. Nikaligeuza bakuli. Jina langu bado lilikuwapo chini, pembe moja imebanduka kwa kuoshwa. Nikaibandika kwa kidole gumba, nikaliweka kabatini.

Kutoka jikoni kwangu meza yao inaonekana. Niliwaona wakiinamisha vichwa kusali, kisha Ardys akampakulia binti yake, akamwongezea. Kiti changu walikuwa wamekiondoa. Nikavua viatu, nikakaanga mayai.