Mji wa Baba Kidoti

Ting. Mlio mdogo gizani, kama kijiko kikigusa kikombe, ukitokea chini ya shuka. Kimya kidogo, kisha tena. Ting.

"Baba Kidoti, umeshaamka?"

"Najenga soko," mume wangu akanong'ona. "Fundi akimaliza kabla hakujakucha, napewa daraja."

Nikacheka, nikageukia ukutani. Mtu anakoroga zege kutwa nzima kwa ajili ya mafundi wa wenzake, akirudi naye ana mafundi wake ndani ya simu, kofia za manjano kichwani, na hawamwombi hata maji ya kunywa. Nani angekuwa na roho ya kumnyima?

Mchezo huo aliuzoea nilipokuwa nasoma masomo ya jioni. Mimi darasani, yeye nyumbani na mtoto, na simu yetu moja ya kumwondolea usingizi. Cheti changu kilipotoka tukakubaliana: sasa zamu yake. Akasomee uashi, aache kuitwa saidia fundi hali anajenga kuliko wanaomtuma. Akiba ilikuwa tayari, humo humo kwenye simu, na chuo kilimshikia nafasi mpaka siku hiyo jioni.

Alioga mapema, akavaa shati la harusi yetu. Nilimbeba Kidoti, tukaenda watatu.

"Lipa tu kwa simu, mzee, nikuandikishe," akasema karani wa chuo dirishani.

Mume wangu akabonyeza. Akabonyeza tena. "Mtandao huu," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshapungua.

Nikaichukua simu. Akiba haikufika hata nusu ya ada.

"Hela umezitoa lini?"

"Sijazigusa, Mama Kidoti. Mafundi nawalipia kwa vocha zangu. Vocha tu."

Karani akainama kuangalia, akajikuna shingo. "Vocha ikiisha, mchezo unavuta kwenye akiba. Uliukubalia ulipouingiza."

"Yalikuwa maandishi marefu," mume wangu akasema taratibu. "Nikabonyeza ndiyo, nione mji."

Nikamrudishia simu. Ningekuwa nyumbani jioni ile ningemsomea. Nilikuwa darasani, nasoma.

"Kuna muhula mwingine," karani akasema, akalifunga daftari lake pole pole, kama anayeogopa lisije likapiga kelele.

Njiani nilimtania kidogo, kwamba sasa nimeolewa na meya. Alitabasamu kunipa moyo mimi, si kwamba alifurahi. Nilimshika mkono. Saruji ilikuwa bado kwenye kucha, pamoja na kule kusugua kote. Nilijisemea, huo muhula mwingine tutaufikia, hata kama nitafua nguo za mtaa mzima. Ila kesho alfajiri atabeba ndoo za watu tena, na huko nako atakuwa anajua alipaswa kuwa wapi.

Nyumbani alikaa kizingitini, akaufungua mji ili aufute. Kidoti akampanda mapajani.

"Tazama kwanza, mwanangu. Hili soko. Hii hospitali. Lile daraja la leo asubuhi. Yote kajenga baba."

Kidoti akaweka kidole kwenye kioo, akapita mtaa baada ya mtaa, madirisha yote yakiwaka taa. Alitafuta kwa muda. Kisha akainua uso.

"Baba, sisi hatumo."