Picha ya Moyo wa Mama Mkwe

Mpiga picha za moyo alimweleza mkwe kinagaubaga: tangu siku moja kabla ya kipimo, chai marufuku, kahawa marufuku. Dawa ya kutanua mishipa hushika palepale chai inapopenda kushika. Chai ikiwahi, dawa inakosa pa kukaa, na moyo mbovu unatoka pichani mzuri kama wa bwana harusi.

Asubuhi ya kipimo, mama mkwe akaitaka chai yake.

"Mama, tumekatazwa."

"Na nani? Tasa ndiye anayenipangia chai nyumbani kwa mwanangu?"

Mdomo wa bibi huyu haukuwa na breki. Tangu mkwe aingie nyumba ile, neno hilo lilitangulia hata salamu. Basi mkwe akachemsha chai, akaikoleza majani, akasimama pembeni hadi bibi akamaliza na kuomba kikombe kingine.

Hospitali wakamlaza kwenye kitanda chembamba cha mashine, sindano mkononi. Ile ya kutanua mishipa ingetangulia; dawa yenye mionzi nayo ilikuwa tayari, ile inayofuata damu hadi ndani ya chembe za msuli wa moyo. Inapofika hung'aa, isipofika hubaki giza.

"Mama, umekunywa chai tangu jana?" mpiga picha akauliza.

"Hata harufu yake sijaisikia."

Mpiga picha akamgeukia mkwe. Neno moja tu, na kipimo kingeahirishwa. Mkwe akafungua mdomo.

"Huyo usimuulize," bibi akacheka. "Kuzaa kwenyewe kumemshinda, atajua nini?"

"Mama hasemi uongo," mkwe akasema.

Picha ikatoka inang'aa kote. Daktari akasema damu inafika vizuri, labda maumivu ya kifua anayolalamikia yanatoka tumboni. Bibi akarudi nyumbani anatamba, eti kuna watu walishaanza kumchimbia kaburi.

Wiki haikuisha. Mchana mmoja, mwanawe akiwa kazini, bibi akaita kutoka chumbani. Jasho lilimtiririka, mkono wa kushoto ameukumbatia.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "nipeleke hospitali."

Mkwe akakaa kando yake, akamfuta jasho taratibu. Alikuwa na furaha, na wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

"Ni gesi tu, mama. Daktari si ameuona moyo wako? Mzima kabisa."

Akamwekea mto vizuri, akatoka, akaurudishia mlango.