Pundamilia Baba

Itangazwe kwa mataifa yote, na kwa bweni la wavulana hasa, kwamba Ilias, mwanafunzi wa interna, shule ya bweni ya Mutanga Nord, amefanya jaribio ambalo sayansi haijapata kuliona. Alitia samaki mmoja kwenye tangi la wengine. Basi.

Tangi lilikuwa la Joëlla, mwanafunzi mwenzake. Ndani yake waliogelea samaki-pundamilia, wadogo kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, ubavuni wana mistari ya buluu. Joëlla aliwakata ncha za mikia kwa wembe, kisha kila asubuhi akapima jinsi zilivyoota upya. Ijumaa walimu wa chuo kikuu wangekuja kuziona. Wakiridhika, wangemchukua maabarani kwao likizo nzima.

"Hawa ni mfano wa binadamu," alipenda kusema Madamu Epiphanie, mwalimu wa biolojia.

Ilias alitaka tu wageni wacheke. Jumapili alivua ziwani samaki wa mistari, mpana kama kiganja, akamficha kwenye ndoo, akamtumbukiza tangini: pundamilia baba!

Asubuhi maji yalijaa magamba na nyuzi za damu. Mmoja alielea bila kichwa. Mwingine, jicho limenyofolewa, alijizungusha kama kishada. Pundamilia baba alimbana wa mwisho kwenye kona, akamkata katikati, akautema mkia ulioanza kuota.

Joëlla hakulia. Alimrukia Gaël, mwenzao wa darasa, ambaye kila siku aliwaita samaki wake ndagala waliokosa chumvi, akambamiza uso mezani. Jino likaruka. Rafiki zake Joëlla, Darius mbele yao, wakaendelea kwa mateke.

"Mi sijuwi kitu!" Gaël alilia, damu kidevuni.

"Mwongo we! Iyi samaki umeitoa mu mutoni, kwenu Kinama!" Darius akamkaba koo.

Ilias, aliyesimama mlangoni, alijiamuru kunyamaza. Lakini kuna ujinga ambao mtu msomi hawezi kuusikia akatulia.

"Mu mutoni? Apana, sha! Iyo inaishi mu mawe ya ziwa. Tena inauma ile…"

Mikono ya Darius ikalegea kooni mwa Gaël. Joëlla aligeuka, wembe wa mikia mkononi.

"Ilikuuma wapi, Ilias?"

Alificha kidole gumba mfukoni. Wote walimwona akikificha.

"Darius, funga mulango," alisema Joëlla.

Kitasa kikalia.

"Ni mimi," Ilias akasema. "Gaël hajuwi kitu. Mi ndiye niliitia."