Joto la King'amuzi

...na waya hauna kosa, waya ni mpya, fundi wa kampuni aliuleta wiki iliyopita tu, akautoa kwenye mfuko wake wa nailoni mbele ya macho ya Mangeun, akauchomeka mwenyewe, picha ikaja safi, akaaga akaenda zake, sasa leo tena, leo hasa, kioo kizima cha buluu na yale maneno mawili, hakuna mawimbi, hakuna mawimbi, yanatembea kutoka pembe hii kwenda pembe ile kama nzi aliyefungiwa chumbani, na Mangeun amepiga magoti nyuma ya televisheni, magoti yaliyotambaa nusu ya umri wake kwenye mashimo ya makaa ya mawe, leo yanalia hata juu ya zulia, na mkewe kwenye kochi anauliza kwa mara nyingine tena, "Fundi, bado?" naye anajibu, "Bado kidogo, mama," kwa sababu ameshazoea, tangu theluji ya kwanza ilipoanguka yeye si Baba Hyeran tena ndani ya nyumba hii, amekuwa fundi, amekuwa mtu wa gesi, siku moja amekuwa mwizi akafukuzwa kwa mwiko mpaka kwenye ngazi, jirani wa ghorofa ya chini akatoka akacheka, kisha akamwona uso, akaacha kucheka... "Baba, unanisikia?" Hyeran huyo, kwenye simu aliyoiegemeza kwenye mguu wa meza, yuko garini na mumewe, wanakuja, "baba, umebonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo? Uchague HDMI ya kwanza, siyo ya pili, labda mama amekibonyeza," labda mama, kila kitu labda mama, bomba likivuja mama, rimoti ikionekana kwenye friji mama, sawa, ile ya rimoti ni kweli ilikuwa mama, lakini kitufe amekibonyeza yeye, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kote buluu, amechomoa waya ncha hii, ncha ile, ameupuliza, ameugeuza, ameleta na ule wa zamani kutoka kwenye droo, hakuna kitu, na ni kitu kidogo tu alichokitaka, Mungu wangu, kitu kidogo mno, Eumjeon akae asubuhi hii moja atazame kipindi chake, kile cha mabibi wa vijijini wanaochuma mboga milimani na kugombana, acheke ile anayocheka akiwaona, asiende mlangoni kuvuta kitasa, mpaka gari lifike, wapande, wampeleke kwenye ile nyumba ya wazee karibu na kwa Hyeran, wamesema aletwe kabla ya chakula cha mchana, begi lake liko pale mlangoni, amelifunga yeye mwenyewe jana, soksi, sweta la zambarau, ile picha waliyopiga Hyeran alipohitimu, akaitoa, akairudisha, akaitoa, akairudisha...

"Fundi, umekula?" Nimekula, mama. "Muongo wewe. Mashavu yamekubonyea kama boga lililolala nje. Kwenu hakuna mwanamke?" Yupo, anasema, anajifanya anakohoa vumbi, yupo, mama, "Basi akupikie, mwambie hivyo, mwanamume anafanya kazi ya magoti halafu anashinda njaa, ningekupa wali mimi, lakini uliobaki una mwenyewe," na hapo Mangeun anatikisa kichwa peke yake huko nyuma, wali, wali nao una kisa chake, kwenye sufuria ya umeme anapika asubuhi wa watu wawili, ikifika mchana umebaki wa mtu mmoja, akawa anadhani anakula mara mbili kwa kusahau, daktari alisema hilo hutokea, na mabakuli ya chuma cha pua yanapotea na kurudi, yanapotea na kurudi, na taulo za jikoni hivyo hivyo, Hyeran alivihesabu vyote hivyo pamoja na gesi iliyoachwa wazi na ile jioni waliyomkuta mama kituo cha basi na ndala zake za chooni, akasema, baba, wewe mwenyewe mgongo umekufa, utamwinua vipi akianguka, kisha akasema lile jingine, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa dawa chungu, baba, mama hakujui tena wewe, wala nyumba haijui, kwake chumba chochote chenye televisheni ni nyumbani, hatajua hata kwamba amehama, na yeye alilishika hilo neno kama mtu anayezama, akalala nalo, akaamka nalo, hatajua, hatajua, ndilo lililompa nguvu ya kukunja lile sweta... "Mwambie akizime king'amuzi kabisa," huyo ni mkwe, sauti ya mbali juu ya usukani, "mzee, vile vinachemka sana, chomoa umeme kipumzike kidogo," kweli vinachemka, fundi wa kampuni naye alisema, akaonyesha ile ncha ya waya wa zamani, ina kutu ya kijani, akauliza, mzee, mbona kwenu kuna unyevu hivi, mnafulia sebuleni? Akacheka, Mangeun naye akacheka, unyevu, ghorofa ya tano, hewa kavu mpaka midomo inapasuka...

Anapenyeza mkono kwenye rafu ya chini, ndani kabisa, kukitafuta king'amuzi kwa kupapasa maana shingo haipindi tena, na vidole havikuti king'amuzi, vinakuta kitambaa, taulo, taulo ya jikoni ile yenye mistari aliyoitafuta tangu juzi, imekunjwa vizuri, imefunika kitu cha duara, na kitu hicho kina joto, anainua pembe ya taulo, ni bakuli, bakuli la chuma na kifuniko chake, limekaa juu ya king'amuzi katikati kabisa, mahali panapochemka kuliko pote, anafungua, na mvuke mwembamba unampiga usoni, wali, umeshindiliwa, umerundikwa mpaka juu jinsi mke anavyomrundikia mtu wa mgodini, na kwenye kifuniko yamejaa matone, yanachuruzika, yanaanguka nyuma, kwenye matundu ya waya, unyevu, kumbe ndio unyevu wenyewe... na hajui kwa nini magoti yameacha kuuma, hayupo hapa, yuko kwenye kile chumba kimoja cha nyumba za wachimbaji, masikio yamejaa vumbi jeusi, ametoka zamu ya usiku, na kule mwisho wa sakafu, palipo na joto la moto unaopitishwa chini ya sakafu, pamelazwa blanketi, ndani ya blanketi bakuli la wali, kila alfajiri, miaka yote, hata mwaka ule mlima ulipoketi, walipofukiwa yeye na wenzake, wanawake wote wakakimbilia kwenye mdomo wa shimo kulia, Eumjeon hakwenda, watu walimsema, mke gani huyu, alibaki akipika wali, anaufunika, ukipoa anaula yeye na mtoto, anapika mwingine, anaufunika, mpaka jioni ile walipomleta amebebwa, hakupiga ukelele, hakumkumbatia, aliingiza mkono kwenye blanketi akatoa bakuli, akasema, kula kabla haujapoa...

"Wewe! Hicho usiguse!" Amesimama, Eumjeon, ameshika mgongo wa kochi, macho makali ya zamani, "fundi, nimekupenda lakini mkono wako mrefu, hicho si chako, hicho ni cha Baba Hyeran!" Baba Hyeran, jina limepita chumbani kwa mara ya kwanza tangu theluji, amelitamka vile vile, kwa ule mkato wa hasira kidogo, "Yuko zamu. Akirudi akaukuta umepoa hasemi kitu, huyo si msemaji, lakini anakula nusu halafu anasema ameshiba. Mimi namjua," na Mangeun anasema, anachelewa sana siku hizi, mama, na yeye anasema, "Anachelewa, ndiyo. Lakini hurudi. Huyo hurudi," kisha anakaa, ameshamaliza, anatazama tena buluu yake, na mzee wa watu huko nyuma ya televisheni ameuma mkono wa sweta lake ili asisikike, analia jinsi ambavyo hajawahi kulia hata shimoni, kumbe hakusahauliwa, kumbe kila siku alikuwa anapikiwa, anafunikiwa, anasubiriwa, umbali wa hatua chache kutoka mahali alipokaa akijihurumia, na huyu ndiye aliyemfungia begi, mtu anayemsubiri mumewe nyumbani ukimhamisha, huko atamsubiria wapi, atampashia wali juu ya nini, na yule mume siku akirudi atamkuta nani... na anajua, hajawa mjinga, kesho mwiko utarudi, gesi itaachwa wazi tena, mgongo utagoma, na hiyo siku ya begi itafika tu, labda kabla ya theluji nyingine, anajua yote hayo...

"Baba, umechomoa? Taa ya king'amuzi imezimika?" Haijazimika, inawaka, nyekundu, ndogo, kidole chake kiko kwenye swichi na kidole hakishuki, anafuta matone kwa kiganja, anafunika bakuli, analirudisha pale pale katikati, anakunja taulo jinsi alivyoikuta, pembe kwa pembe. "Nimekiacha kinawaka." "Picha imerudi?" "Haijarudi." "Sasa baba, unakiacha cha nini?" Anapumua. "Hyeran. Njooni mle chakula. Lakini mama yako leo haendi." Mkwe anauliza kuna nini, Hyeran anamnyamazisha, "Baba, tulikubaliana, baba..." "Hawezi kutoka. Anamsubiri mtu." "Anamsubiri nani?" naye ameegemeza paji la uso kwenye mgongo wa televisheni wenye vumbi, na ng'ambo ya pili, bila haraka, kama mtu mwenye asubuhi yote mikononi, Eumjeon anauliza, "Fundi, bado?"

"Bado, mama," anasema, na yale maneno mawili yanaendelea kutembea kwenye buluu. "Bado kidogo tu."