Mlio wa Nyuma Kushoto

Mama alikuwa ameapa kutopanda tena gari la baba. Alisema nyuma kushoto, pale anapopenda kukaa yeye, linalia kama kitanda kibovu. Baba akamjibu kwamba kinacholia ni masikio yake. Basi mama akawa anakwenda kwa miguu kila mahali, na miguu yenyewe imevimba, huku baba akimpita njiani peke yake ndani ya gari la zamani analolipangusa kuliko viatu vyake. Mimi, binti yao, ni fundi wa kuchomelea, na ubishi huo ulikuwa umenifika hapa kooni.

Jumamosi nikaliingiza lile gari gereji bila kuomba ruhusa sana, baba akinifuata nyuma. Nikalipiga jeki, nikaingia chini, nikagusa kwa bisibisi kile kishikizo kinachoishika springi ya nyuma kushoto kwenye bodi. Bisibisi ikazama mpaka mpini. Nje rangi safi, ndani kutu tupu.

"Umechokonoa kwa nguvu mno," baba akasema.

"Njoo uone mwenyewe, baba."

Akainama, akatazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ziba tu. Mama yako asijue."

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia kuziba naweza, kunyamaza siwezi. Akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu, kanuna.

Nikakata mpaka nikafika kwenye chuma kizima. Nikafunga milango ya gari ili bodi isipinde, nikachomelea kipande kipya, kidogo huku, kidogo kule, nikingoja kipoe. Juu yake nikaongeza bamba nene, maana hapo ndipo uzito wote wa nyuma unapoegemea. Upande wa kulia nao nikautia nguvu vilevile, nikamalizia na rangi ya kuzuia kutu.

Jioni mama akaja, akasimama mlangoni. "Kwani lilikuwa na kitu?"

Nikamtazama baba, aseme mwenyewe.

"Chuma kilikuwa kimeoza," akasema. "Na ule mlio nilikuwa nausikia. Tangu siku ya kwanza. Niliogopa fundi ataniambia nikaliuze kama chuma chakavu."

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifungua mlango wa nyuma wa gari.

"Leo wewe utakaa huku kushoto," akamwambia. "Ukisikia kitu, useme."

Baba akanipa funguo, akaingia.