Makofi ya Kambo Chilufya

Jumapili moja baada ya misa, Léonie alikwenda kumsomea Yomba Stanislas, kaka wa marehemu mama yake, sura ya riwaya aliyokuwa akiiandika. Mzee huyo mstaafu wa reli alikuwa amefifia macho, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

Sura ilimhusu Kambo Chilufya, yaani bibi yake, mama mzazi wa Stanislas, aliyemlea Léonie hapa Lubumbashi. Léonie aliikumbuka nyumba ile kwa harufu: samaki wakavu wa Pweto, makaa, sabuni ya mawese. Jioni, majina ya watoto wa jirani yalisikika mtaa mzima, mama zao wakiwaita kula. Kambo hakuita mtu. Alisimama mlangoni akapiga makofi, wajukuu wakaja mbio. Léonie alikua akiwaonea wivu wale walioitwa. Ndiyo maana katika riwaya alimchora mwanamke mkavu wa moyo, binti wa mtumwa, ambaye utumwa ulimnyima hata upendo wa kurithisha.

Yomba aliomba asomewe tena.

“Kambo hakukuwa mukali, mama,” alimwambia mpwa wake. “Ilikuwa woga. Mama yake alikuwa mutoto, iko mu shamba la mutama. Kumbe bantu balijificha mu majani, bakamuita kwa jina. Akaitika.”

Akaeleza kwamba msafara wa wauza watumwa uliondoka naye siku hiyohiyo, akauzwa kwa nguo kando ya ziwa Mweru. Alipozaa, alimfundisha bintiye kwamba jina la mtoto halitupwi nje, kwa maana hujui nani analiokota. Chilufya hakuwahi kuuona msafara wowote, ila woga ule alizaliwa nao.

“Na weye, Yomba?”

Mzee alicheka kidogo. Miaka yote aliyofanya kazi ya reli Sakania, alisema, mtu akimwita kwa nyuma hakuitika mpaka amwone uso.

Léonie alizikunja karatasi zake. Akilini alimwona Kambo akiwa mlangoni, akigusa kila kichwa kilichopita, haingii ndani mpaka wa mwisho aingie. Aliyaona hayo kila jioni ya utoto wake, na hakuyaandika. Machozi yakamtoka.

Hakusoma tena siku hiyo. Waliwasha mbabula, lile jiko la makaa, wakapika bukari, ugali wa kwao, na Yomba akamsimulia jinsi Kambo alivyocheza siku Yomba alipooa hadi viatu vikakatika. Riwaya ilichelewa mwaka mzima. Léonie hakujuta: sura ile aliiandika upya, na viatu vile vya Kambo vikaingia humo.