Chokaa ya Shaaban

Ukipita njia ya Ndia Kuu ukaona picha ya tembo amesimama mbele ya mlima wenye theluji, jua limeiva nyuma yake kama embe, yumkini tembo huyo ametoka mkononi mwa Kenga. Miaka kumi na tisa alikuwa akichora nyuma ya duka la Kaizar, muuza vinyago na picha, na tembo wake walikuwa wametapakaa dunia nzima. Wote walikuwa na sikio moja lililochanika, kwa sababu ndivyo alivyokuwa tembo wa kalenda aliyemnakili mara ya kwanza. Kenga mwenyewe hakuwahi kumwona tembo ana kwa ana. Zamani jambo hilo lilimchekesha, lakini siku hizi lilimkera.

Katika nyumba ya tatu kutoka dukani alikaa Hawabai, mjane mzee wa kuheshimiwa, aliyezaliwa ghorofani mule mule na kuolewa mule mule. Magoti yalikuwa yamekataa ngazi, na bintiye Fariha alikuwa amemtaka ahamie kwake Uingereza. Nyumba ilikwishapata mnunuzi. Hawabai alimwita Kenga, akamwambia hataki kubeba vyombo wala mazulia, ila anataka picha moja ya nyumba yake.

Kenga akachukua kiti, akakaa ng'ambo ya njia siku tatu. Akachora mlango na nakshi zake zote, roshani, hata misumari ya shaba aliihesabu. Hawabai alivaa miwani akaitazama.

"Kazi nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini hini ni nyumba ya wapita njia. Mimi nimekaa ndani."

Basi akachora ndani. Akamweka bibi kwenye kiti cha mkono, kitambaa begani, mwanga wa dirisha ubavuni. Safari hii Hawabai hakusema hata kwamba ni nzuri.

"Huyu ni nani? Wamchora bibi wa kalenda, Kenga. Jumamosi naondoka. Kama huwezi, niambie tu, sitakasirika."

Maneno hayo yalimkaa rohoni kuliko matusi. Haikuwa ile picha tu iliyomuuma. Mtu wa miaka arubaini na mbili alikuwa ameambiwa kwa upole, na mtu asiye na hila, kwamba anajua kuchora lakini hana jicho lake mwenyewe. Alijua ni kweli. Siku ya Alhamisi akapanda zile ngazi kwenda kusema ameshindwa.

Alikuta hamali wawili wanaliteremsha kabati la sahani. Lilikuwa halijasogezwa kwa miaka mingi, na nyuma yake ukuta ulikuwa umebaki na rangi ya kale, nyeupe yenye ubuluu wa mbali sana, ubuluu ambao huuoni mpaka uache kuutafuta. Kenga akasimama. Akaweka kiganja ukutani.

"Mama, nani aliyekupakieni rangi hii?"

"Chokaa hiyo? Alikuwa akija Mgiriama mmoja kutoka Kaloleni, kila Shaaban, kabla ya mwezi wa Ramadhani, zamani nikiwa msichana. Akiitwa Chonga. Mtu mpole, hasemi."

"Ni babangu," Kenga akasema.

Alikuwa amefanya kazi naye misimu mitano, alipomaliza shule. Aliikumbuka harufu ya chokaa inapozimwa ndani ya pipa, inavyochemka bila moto. Alikumbuka mzee alivyotia chumvi ili ishike, na tone la buluu ya kufulia ili weupe usionekane mchafu, akikoroga kwa mti na kuimba kwa kunong'ona. Na zaidi ya yote aliikumbuka ile amri. Chokaa ikiwa mbichi haionekani. Unaipaka, ukuta unabaki wa kijivu kana kwamba hukufanya kitu, na weupe unakuja wenyewe inapokauka. Vijana wote hukosea hapo. Wanaogopa, wanaongeza. "Ukishapaka, geuza mgongo," mzee alikuwa akisema. "Nenda kanywe chai." Kenga hakuwahi kuweza kugeuza mgongo, na ndiyo sababu aliikimbia kazi ile akaenda kwa Kaizar, ambako rangi ilikuwa rangi tangu ikitoka kwenye kopo. Babake alifariki bila kumlaumu hata siku moja.

Hakusema ameshindwa. Alikwenda kununua chokaa. Akatafuta ubao, akausiliba kwa chokaa nzito na mchanga, na Ijumaa baada ya swala, njia ikiwa imetulia, akaanza kuchora chumba cha Hawabai kwa unga wa rangi ya udongo, juu ya unyevu. Kiti hakukiweka. Aliweka dirisha, kona ya kitanda, ngazi. Kisha akapitisha chokaa nyembamba juu yake, kama babake.

Chokaa haikuonekana, picha ilibaki vile vile. Akangoja. Akaogopa, akapitisha tena, na tena mara ya tatu, mtu mzima na ndevu zake akifanya kosa lile lile la ujana.

Asubuhi ya Jumamosi picha ilikuwa imefunikwa na weupe mpaka imekaribia kufutika. Dirisha lilibaki kivuli, na ngazi ilibidi uitafute. Kenga alitaka kuuvunja ule ubao, lakini gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa limeshafika mlangoni kwa Hawabai, na aliona ni heri aaibike kuliko kujificha, akaupeleka juu.

Hawabai alikuwa amekaa juu ya sanduku. Hakuvaa miwani. Akauinamia ubao.

"Hapa alikuwa akilala mamangu mchana," akasema, akionyesha kwa kidole bila kugusa. "Na hapa dirishani ndugu yangu akiningoja nirudi chuo cha Kurani." Kenga hakuwa amechora mama wala ndugu. "Hivi ndivyo niionavyo nikifumba macho."

Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Kenga akakunjua gazeti ili aifunge picha, naye bibi akamshika mkono.

"Sitaichukua, mwanangu."

"Nimeharibu wapi, mama?"

"Hukuharibu. Kwa Fariha mchana kutwa nitakuwa peke yangu na ukuta. Nikiitundika hini, sitamaliza mwezi kwa majonzi. Kaa nayo wewe. Na usimpe Kaizar."

Hamali wakamteremsha ngazi polepole, mapumziko mawili njiani. Gari lilipoondoka Kenga alibaki mlangoni, ubao kifuani, nguo zimeingia chokaa, akilia kwa ajili ya bibi na kwa ajili ya babake bila kujua kilio cha mmoja kinaishia wapi. Tembo wake walikuwa wamenunuliwa na watu wasiohesabika, na wote waliwabeba bila kuumia. Hawabai alikuwa mtu wa kwanza kuikataa picha yake kwa sababu ameiamini.